Tuliuza Mchanga, Maji Yakaenda Nao

Mama mwenyekiti amenipa nafasi nishuhudie kabla hatujaingia kwa ajenda. Ameniambia niseme kwa ufupi na nisitukane mtu. La kwanza nitajaribu.

Mungu nimemsifu asubuhi nyumbani, na ananijua. Sasa naongea na nyinyi.

Nyote mnajua kwa nini kanisa limejaa hivi na leo si Jumapili. Yule mwenye malori amerudi. Anataka mchanga ulio nyuma ya ukuta wetu pale mtoni, na nikimaliza kuongea mtainua mikono kusema auziwe ama asiuziwe. Najua wengi wenu mmeshaamua. Naona mikono mingine tayari inawasha.

Wiki iliyopita walikuja hapa wageni wawili, vijana wenye adabu, wakatuuliza kama binadamu anaweza kujiandaa kwa mabadiliko ya tabianchi na shida zingine zinazokuja. Mkajibu vizuri sana. Mmoja akasema tupande miti. Mwingine akasema serikali ituchimbie maji. Mkapiga makofi, mkanywa soda. Mimi nilinyamaza, hata mke wangu akaniuliza njiani kama naumwa. Sikuwa naumwa. Jibu langu ni refu na ni chungu, halishuki na soda. Nimelileta leo.

Mimi shule niliacha nikiwa darasa la tatu. Baba alisema mbuzi hawajichungi. Nikiwa kijana nilienda Mtito Andei, nikavunja mawe kando ya barabara, nikachimba visima vya watu, nikalala kwenye vibaraza vya watu. Hakuna mtu hapa alinisomesha, hakuna aliyenipa jembe. Kile kipande changu karibu na mto nilikinunua kwa mgongo huu. Nikapanda machungwa. Nikachimba kisima changu ukingoni mwa mto, nikakijenga kwa mawe kutoka chini mpaka juu kwa mikono yangu, nikaweka pampu. Ghala langu lilikuwa na ndengu na mbaazi, nimezipaka majivu zisiliwe na wadudu. Nyasi za ng'ombe nilizikata mapema na kuzifunga. Watu walikuwa wanaletwa kwangu kuonyeshwa. Mkulima wa mfano, ndivyo walivyoniita.

Kwa hivyo ndugu zangu, nawaambia, mkisema kujiandaa, mimi nilijiandaa. Nilijiandaa kuliko kaunti. Na nilianguka mbele yenu nyote.

Malori yalipokuja mara ya kwanza tulikaa mkutano kama huu. Nilisimama. Nikasema mto wetu hauna maji juu, maji yake yanakaa ndani ya mchanga. Mama zetu walichimba kwa mikono mle mchangani, wakazungushia miiba ng'ombe wasichafue, na hata kiangazi kikikaza maji yalikuwepo. Mchanga ukienda, maji yatakaa wapi?

Bwana mmoja akanijibu. Simtaji, yeye anajijua, na leo amekaa mahali pazuri karibu na dirisha. Akasema, "Mzee, wewe una kisima chako na pampu yako. Umeshiba, sasa unataka sisi tulale njaa ili mto wako upendeze?"

Watu wakacheka. Nikamwambia, "Mto si wangu."

"Basi kama si wako, nyamaza. Mchanga unaletwa na mvua. Ukiisha, Mungu ataleta mwingine. Ama wewe ndiye unaumba mchanga?"

Mkacheka tena. Nikachukua kofia yangu nikaenda. Na niwaambie ukweli, sikurudi kupigana mara ya pili. Nilijiambia, hawa wacha wauze mto wao, mimi kisima changu ni kirefu. Nikalala usingizi mzuri kabisa.

Malori yalichota mpaka mwamba ukatoka nje kama mifupa ya ng'ombe. Mvua ya mwezi wa kumi na moja ikaja, kubwa, hata tukafurahi. Mnakumbuka vile maji yalipita? Yalipita kama gari kwenye lami. Asubuhi mto ulikuwa unanguruma, jioni watoto wanavuka bila kulowa. Hayakuwa na mahali pa kukaa. Yakachukua na ukingo, na miti yangu ya kwanza ya machungwa ikaenda nayo. Mchanga ambao Mungu angeleta, ukipita juu ya mwamba mtupu unashikwa na nini? Ulipita na maji.

Halafu mvua ikakataa. Ikakataa msimu huo, na uliofuata, na mwingine.

Kisima changu kikaanza kushuka. Nikateremka ndani mwenyewe, mzee mzima na kamba kiunoni, nikachimba chini zaidi. Nikafika kwenye mwamba. Nikaupiga nyundo mpaka mkono ukafa ganzi. Mwamba mkavu una sauti yake, aliyechimba visima anaijua. Nikainua kichwa. Juu yangu mbingu ilikuwa ndogo kama sahani, na ilikuwa ya buluu, buluu nzuri isiyo na faida kwa mtu.

Machungwa yakakauka yakiwa yamesimama. Ng'ombe nilikuwa nao, na nyasi nilikuwa nazo, kwa hivyo sikuuza. Mtu aliyejiandaa anauza kwa nini? Lakini ng'ombe hamezi nyasi kavu bila maji. Nilipowapeleka soko la Matiliku walikuwa wanaegemeana. Kulikuwa na mfanyabiashara wa mifugo kutoka kaskazini, Mwislamu, mtu tuliyejuana naye miaka mingi. Akawazunguka, akawashika migongo, akanipa chai badala ya bei.

Akaniambia, "Mzee, hawa sitawanunua, watanifia kwa lori. Sisi kwetu mvua ikikosa mara moja tu, mtu anauza nusu wakiwa bado na nyama. Wewe ulingoja nini?"

"Nilikuwa na kisima."

Akakoroga chai yake. "Na kisima kilikuwa kinakunywa wapi?"

Nilirudi na wale ng'ombe na si wote walifika nyumbani.

Mahindi ya msaada yalikuja hapa kwa chifu, mkapanga foleni. Mimi sikupanga. Mkulima wa mfano asimame kwenye foleni na gunia? Mke wangu alikuwa anatoka na punda kabla ya jua, anarudi jua likiwa kichwani, na maji ya kupika tu. Siku moja akateremsha mitungi, akakaa juu ya jiwe, akaniangalia.

Akasema, "Mimi naenda mjini Wote kwa binti yako."

"Kufanya nini?"

"Kunywa maji. Kubeba mitungi naweza, nimebeba tangu nikiwa msichana. Kile siwezi ni kubeba na aibu yako juu yake. Unaona aibu kuomba, halafu anayeumwa mgongo ni mimi."

Akaenda. Hakunitoroka, wale mliosema amenitoroka. Alichoka. Hayo ni mambo mawili.

Nikabaki peke yangu na pampu iliyokuwa inavuta hewa. Sikutoka. Kanisani sikuja. Ndevu niliziacha. Nyinyi mlikuwa mnapita barabarani mnapunguza sauti, nilikuwa nawasikia.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Asubuhi moja nilifungua lango nikakuta mtungi wa maji, ule wa manjano, umejaa nusu. Hakuna mtu. Nilikasirika sana. Nilitaka kuupiga teke. Nani amenifanya maskini? Lakini koo lilikuwa kavu, na koo halina heshima. Nilikunywa. Siku iliyofuata mtungi mwingine. Ya tatu nikakaa nyuma ya ua nikingoja, kama mtu anayewinda mwizi.

Akaja mama mmoja na punda wake. Nilipomwona nikashtuka, kwa sababu alikuwa mke wa yule bwana, yule aliyeniuliza kama mimi ndiye naumba mchanga.

Nikatoka. Nikamwambia, "Mama, mumeo ndiye aliuza mto."

Hakuweka hata mtungi chini. "Aliuza. Na mimi nilikula hiyo pesa. Nilinunulia watoto sare, tukala nyama wiki mbili, tukafurahi. Kwa hivyo nabeba maji. Wewe mzee, utakunywa ama utanihubiria?"

Nikaupokea mtungi. Mimi, mnaonijua hivi.

Akaendelea, "Na usifikiri ni huruma. Sisi wanawake wa mwethya, wa kazi ya pamoja, tunataka kujenga ukuta kwa mto, mchanga urudi. Mawe tunabeba. Lakini hatujui mwamba umepita wapi chini, na ukuta ukikosa mwamba utaanguka. Wewe umeuchimba maisha yako yote. Hayo maji ni ya kukutoa kwa nyumba."

Ndugu zangu, mimi nilitolewa kwa nyumba na mtungi nusu. Sikuona maono. Niliambiwa kwamba kuna kazi na mimi naijua.

Nikashuka mtoni na nyundo. Nikapiga hapa, nikapiga pale, nikisikiliza, mpaka nikawaonyesha mahali ambapo mwamba unavuka mto kutoka ukingo mpaka ukingo. Tukaanza. Mwethya ni wa wote, lakini wanaume walikuwa hawaji. Walikaa juu kwenye kivuli wakinipigia kelele. "Mzee ameolewa na mwethya." "Mzee, leso yako iko wapi?" Wewe unayeinamisha kichwa hapo nyuma, hiyo ya leso ilikuwa yako. Niliisikia. Nikaendelea kupanga mawe.

Saruji tulipewa na watu wa mradi, hiyo nasema wazi. Mawe na maji ya kukorogea yaliletwa na punda wa wanawake hawa. Kukoroga saruji kwa maji ambayo mtoto wako angekunywa, mnajua moyo unauma namna gani? Wao walifanya. Mwishoni wanaume wachache nao wakashuka, wakabeba mawe mabegani.

Mvua ya kwanza ilileta tope tu. Wanaume wakasema, si tuliwaambia. Iliyofuata ikaleta mchanga kidogo, ule mzito unabaki, tope linavuka juu ya ukuta linaenda zake. Mchanga hauna haraka. Msimu kwa msimu ukapanda, mpaka siku mama mmoja akachimba kwa mkono wake, kiwiko kikazama, akautoa umelowa. Tuliketi pale tukiangalia lile shimo linavyojaa polepole.

Mke wangu alirudi. Hakusema amerudi. Niliamka nikasikia anafagia. Nikampa maji ya mto, akaonja, akasema, "Yana chumvi kidogo." Mpaka leo ndiyo shukrani yake.

Machungwa nimepanda tena. Bado ni madogo. Sijui kama nitayala.

Basi wale vijana waliuliza binadamu anaweza kujiandaa? Jibu langu ndilo hili. Kujiandaa tunaweza. Ukuta ule hapo, nani hauoni? Kile hatuwezi ni kukaa tumejiandaa. Mvua ikinyesha mara mbili tunasahau. Tukishiba tunauza kile kilichotushibisha. Ukame ujao uko njiani, na ulio nyuma yake, na jua halitatuuliza kama tumesoma. Lakini mimi siogopi jua kama ninavyoogopa mkutano wa watu walioshiba.

Na kinachoniuma si huyu mwenye malori. Yeye ni mfanyabiashara, anatafuta. Kinachoniuma ni kwamba miongoni mwenu mnaotaka kuuza leo, wengine mlibeba yale mawe. Nimewaona na makovu mabegani. Mmoja aliniambia jana, "Mzee, tunauza tu ule wa juu." Mchanga wa juu ukienda jua linayafikia maji kule chini. Wewe unajua. Ulikuwa pale.

Kujiandaa peke yako ni ujinga, huo nimeshaulipia. Nilikuwa na ghala, na nyasi, na kisima, na kisima kilikuwa kinakunywa kwa mto wa watu wote. Hakuna ukuta wa mtu mmoja. Lakini msidhani wengi tukiwa pamoja basi ni akili. Wengi pamoja ndio waliouza mara ya kwanza.

Nashukuru. Namshukuru yule wa kaskazini aliyenipa chai na swali. Nawashukuru wanawake wa mwethya, waliotukanwa wakafanya kama hawakusikia. Namshukuru mke wangu kwa kwenda, na kwa kurudi. Na yule mama wa mtungi simtaji. Alinikataza. Alisema nikimtaja atakuja kuchukua maji yake, na mimi namwogopa.

Ule mtungi wa kwanza sikuurudisha. Nimekuja nao. Uko pale mlangoni, wa manjano, na sikuujaza. Sasa mama mwenyekiti atawauliza mnaotaka kuuza muinue mikono. Inueni, ni haki yenu, mimi sitapiga kelele. Naomba kitu kimoja tu. Wa kwanza kuinua mkono, akitoka aubebe ule mtungi aende nao nyumbani, auweke mahali mke wake ataukuta asubuhi.

Nimemaliza. Mama mwenyekiti, uliza.