Nepi za Baba Agnes

Newala mjini, ukishaupita ukuta wa ghala la korosho, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali. Ubao huo uko barazani kwa Ladislaus, fundi cherehani, ambaye hakuwahi kuwaalika wanaoukalia wala hakuwahi kuwafukuza. Mzee Nurdin huja na birika la kahawa baada ya alasiri. Hamidu, ambaye mji mzima unamwita Redio, huja na habari, za kweli na za kutengeneza. Muharami, mkulima wa korosho, huja na ubishi, na kwa kuwa hakuna jambo asilolipeleka shambani, kijiwe kimempa jina la Bwana Shamba. Ladislaus yeye huwa na kelele za cherehani tu. Tangu mkewe Dorika afariki, wiki chache baada ya kujifungua, ziliongezeka kelele nyingine: za kitoto cha kike, Agnes, kinacholala kwenye boksi chini ya meza ya kukatia vitambaa. Hawa wa kwenye ubao walimzika Dorika pamoja na fundi, wakakaa matanga mpaka mwisho, kisha wakarudi kwenye kahawa yao. Basi kila jioni fundi amezungukwa na watu, na bado sidhani kama Newala yote ina mtu aliye peke yake kama yeye.

Jioni hiyo cherehani ilikuwa kimya. Agnes alikuwa analia tangu mchana, kilio kile kikavu cha mtoto aliyechoka kulia.

— Fundi, huyo mtoto ana nini leo? Redio aliuliza. Mimi mwenyewe sisikii ninachosema.

— Basi leo tumepata afadhali, alisema mzee Nurdin, akimimina.

Ladislaus alikuwa ameapa kutowaambia. Lakini mama mkwe alikuwa amepiga simu kutoka Kitangari kwamba anakuja na gari la jioni, na hofu ikishajaa kifuani hutafuta pa kutokea.

— Ameungua makalioni, alisema. Mikunjo yote ya mapaja imekuwa myekundu, na pembeni vimetoka vipele vidogo vidogo. Nikimgusa tu, anapiga kelele. Na Mama Dorika anakuja leo.

Vikombe vilishushwa. Habari ya Mama Dorika kila mmoja aliijua. Matanga yalipokwisha, ukoo wa marehemu ulitaka kumchukua mtoto, maana kwao mtoto ni wa upande wa mama. Ladislaus akapiga magoti mbele ya watu wazima, akasema ameshazika mke, asinyang'anywe na mtoto. Mama mkwe akamwambia: haya, kaa naye, lakini siku nikija nikamkuta hana afya, naondoka naye. Hakuna aliyeona kwamba mama amesema vibaya.

— Zahanati umekwenda? aliuliza mzee Nurdin.

— Nimekwenda. Nesi kasema ni fangasi. Kanipa krimu, nipake asubuhi na jioni, nimbadilishe kila akilowa, na nimwache wazi apate hewa. Ikapungua. Nikaona nisiimalize, nibakize kidogo ya akiba. Sasa imerudi, tena imekuja na ndugu zake.

— Nesi alikwambia uache?

— Alisema niendelee hata nikiona ngozi imetulia.

Hapo mtu mwenye busara angesema basi paka krimu, na kijiwe kikafungwa. Lakini kijiwe hakiwezi kuishia kwenye jibu la nesi. Redio alikuwa ameshajiweka sawa.

— Pampasi hizo! Mnawafunga watoto mipira, wanaiva humo humo. Nimesikia Masasi kuna mtoto…

— Situmii pampasi. Natumia nepi za kitambaa.

Redio hakuyumba hata kidogo.

— Basi ni maziwa ya kopo. Fikiria, yule ng'ombe yuko Ulaya, analala kwenye barafu. Maziwa yake yana baridi ya asili. Mtoto akinywa, mkojo unatoka na baridi kali, na baridi ikizidi inaunguza. Hilo ni la kitaalamu.

— Mtaalamu gani kasema? aliuliza Bwana Shamba.

— Kuna mtu alieleza.

— Mama yangu, mzee Nurdin alisema taratibu, alitulea sote kwa unga wa muhogo. Unampaka mtoto mapajani, nao unga unanyonya maji.

— Na akikojoa juu ya unga? aliuliza Bwana Shamba.

Mzee Nurdin alifikiri.

— Hapo sikuwahi kumuuliza marehemu.

— Mtoto asongewe ugali makalioni! Redio alicheka mpaka kahawa ikammwagikia.

Ladislaus hakucheka. Alimtoa Agnes kwenye boksi, akamweka begani, akawa anatembea naye kutoka mlangoni hadi kwenye cherehani na kurudi. Aliwasikia wakicheka nyuma ya mgongo wake, akatamani Dorika angekuwepo, si kwa ajili ya nepi, bali amtazame tu kwa lile jicho lake la kusema waache hao. Mambo madogo kama hayo ndiyo yaliyokuwa yanammaliza.

Bwana Shamba naye alikuwa ameanza kufikiri, na kufikiri kwake si dalili njema.

— Fundi, hebu rudia. Nesi alisema ni nini?

— Fangasi.

— Umemsikia, Redio? Fangasi! Bwana Shamba alisimama kabisa. Sasa njomba, ubwiriunga unaoshika mikorosho ni kitu gani? Afisa kilimo alituketisha kwenye semina kutwa nzima, akasema ni fangasi. Unashika wapi? Unashika majani machanga na maua. Na huyu Agnes ni nini? Si jani changa hili? Haya, sisi tunaua kwa nini?

— Salfa, alijibu Redio kwa sauti ndogo, kama mwanafunzi.

— Salfa! Unapuliza alfajiri, baada ya siku chache ua limesafika. Wewe unahangaika na kitubu cha krimu, na dawa yenyewe imejaa wilaya nzima!

— Muharami, mzee Nurdin alisema, mikorosho hailii.

— Ndiyo maana inapona haraka.

Ulikuwa msimu wa kupuliza, naye alikuwa anatoka shamba. Alikwenda kwenye baiskeli yake, akafungua mfuko uliofungwa nyuma kwenye keria, akarudi na kipande cha gazeti kilichokunjwa. Ndani mlikuwa na unga wa njano. Harufu yake ikaifunika harufu ya kahawa.

Ladislaus aliijua harufu hiyo. Aliwahi kubeba mashine ya kupulizia msimu mmoja kabla hajajifunza ufundi, macho yakamwasha hata akashindwa kulala. Anajua vizuri kabisa salfa inafanya nini kwenye ngozi ya mtu mzima yenye jasho. Lakini gari la jioni lilikuwa limekaribia kuingia stendi, na mtu anayeogopa kunyang'anywa kitu cha mwisho alicho nacho hafikiri kama mimi na wewe.

— Kidogo tu, alisema Bwana Shamba. Nyunyiza kama chumvi.

Ladislaus alimlaza Agnes juu ya meza ya kukatia, akafungua nepi. Wale watatu wote wakageuza nyuso, mmoja akatazama barabara, mwingine birika, mwingine viatu vyake. Ngozi ilikuwa nyekundu ya kung'aa, na pale kwenye mikunjo ilikuwa imeanza kuchubuka. Alishika karatasi kwa mkono wa kushoto.

— Hiyo salfa inapulizwa wapi hapa mjini?

Mama Dorika alikuwa amesimama chini ya baraza, kapu kichwani, kanga yake imejaa vumbi la njiani.

— Shikamoo mama, walisema Ladislaus, Redio na Bwana Shamba kwa pamoja.

— Marahaba. Nimeuliza salfa ya nini.

Alishusha kapu, akapanda barazani, akamtazama mtoto, akaitazama karatasi. Akaichukua mkononi mwa mkwewe, akaikunja vizuri isimwagike. Hakuuliza ni ya nani. Aliangalia mikono ya watu, akaiona yenye njano.

— Chukua, baba. Kapulize mikorosho.

Ladislaus alitaka ardhi imfiche. Mama mkwe ni mtu wa kupokelewa kwa heshima, kwa kiti na maji ya kunywa, naye amemkuta na mtoto uchi juu ya meza mbele ya wanywa kahawa. Lakini mama hakufoka. Aliomba maji, akanawa mikono kwanza. Akamwosha Agnes taratibu bila kumsugua, akamkausha kwa kumgusagusa na kitambaa kisafi, mkunjo mmoja baada ya mwingine. Akafungua kinywa cha mtoto kwa kidole, akachungulia.

— Mdomoni hakuna utando mweupe. Ni huku chini tu. Krimu ipo?

— Imebaki, mama.

— Basi inapakwa mpaka nesi aseme imetosha. Akipata homa, au isipopungua, tunarudi kwa nesi huyo huyo.

Alipaka nyembamba. Kisha akanyoosha mkono kwenye rundo la nepi, akachukua moja, akaisugua kwa vidole. Ikateleza.

— Sabuni haijatoka humu. Na mbona mbichi? Unaanika wapi?

— Ndani, mama. Kwenye kamba juu ya kitanda.

— Na jua lote hili?

Ladislaus akaona hakuna cha kuficha tena.

— Naona aibu, mama. Watu wanapita, wananiona mwanamume naanika nepi. Na maji ni ya shida, bomba linatoka linapotaka. Nasuuza mara moja tu.

Mama Dorika aligeuka, akawatazama wale wa kwenye ubao, mmoja mmoja.

— Na ninyi mko hapa kila siku?

— Kila siku, mama! Redio alijibu kwa fahari. Tangu msiba, hatujamwacha mwenzetu hata jioni moja.

— Akiwa anafua, mtoto anashikwa na nani?

Redio alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kijiwe hicho hakikutoka kitu. Bwana Shamba alijifuta mikono kwenye suruali. Mzee Nurdin aliinua birika, akakuta halina kitu, akalirudisha juu ya makaa vivyo hivyo.

Ladislaus alingoja mmoja wao aseme uongo. Angemshukuru kwa uongo huo. Wote walijua kwamba mchana hufunga mlango, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Humo ndani humfunga Agnes mgongoni kwa mbeleko, akainama kwenye beseni, akafua upesi upesi kabla hajaamka. Siku zote alidhani upweke wake umeletwa na kifo cha Dorika peke yake. Sasa akaona kwamba sehemu ya upweke huo imekuwa ikikaa mlangoni kwake kila jioni, inakunywa kahawa na kupiga soga.

Mama Dorika alimfunika Agnes kiunoni kwa kanga nyepesi, akamwinua. Ladislaus akajua wakati umefika. Akatafuta neno la kumwombea, akalikosa. Lakini mama alitembea moja kwa moja hadi kwenye ubao, akamweka mtoto mapajani kwa Redio.

— Shika. Usimfunge kitu, apate hewa.

— Mama, mimi sijawahi…

— Hata baba yake hakuwahi. Na wewe mwenye baiskeli, nawa mikono kwa sabuni, kisha tutafutie maji.

Bwana Shamba hakubisha. Alichukua madumu, akaondoka.

Maji yalipokuja, mama na mkwewe walikwenda uani na beseni. Walisuuza mpaka maji yakawa hayana povu. Ladislaus alikuwa hajazoea kufua akiwa na mgongo mtupu, na alijikuta akigeuka kila mara kumtafuta mtoto. Mama Dorika alitoa nepi moja majini, akainyoosha. Ilikuwa ya kanga ya bluu, yenye pindo la korosho.

— Hii nilimnunulia mwanangu mimi.

— Ndiyo, mama. Nimezikata kanga zake zote. Ndizo laini kuliko nyingine.

Alibaki ameishika. Ladislaus alilia hapo hapo, mikono ikiwa majini, wala hakujificha, na mama mkwe wake naye alilia amempa mgongo.

— Mama, alisema baadaye, unaondoka naye?

— Nilikuja kumchukua. Usidhani sikuja kumchukua. Kwangu kule kumekuwa kimya, Ladislaus, kimya kisichosemeka. Alijifuta uso kwa mkono wenye maji. Lakini nikiondoka naye, wewe nakuacha na nani?

Ladislaus alishika ncha ya pili ya kitambaa, wakakikamua pamoja, mmoja akisokota huku na mwingine kule, wakatoka nacho mbele ya nyumba, wanakopita watu, kufunga kamba ya kuanikia.