Mzee Kamusi na Kosa la Neno la Mto

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mtunga kamusi. Wengi walimwita Mzee Kamusi. Alifariki Jumanne, akiwa amechoka. Nasema amechoka kwa sababu mwenyewe ndivyo alivyokuwa akiitikia salamu: "Nimechoka, lakini nipo."

Kilichomchosha ni neno moja la Kiingereza, "river", yaani mto. Katika kamusi yake ya shule aliandika kwamba limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kijito. Kitabu kikachapwa, kikasambazwa. Ndipo akagundua: sivyo. Limetokana na neno la ukingo. Ukingo, wasikilizaji, ile ardhi ya kando ya maji. Siyo kijito, ni ukingo. Maneno hayo mawili ya Kilatini yanakaribiana, na kadi alizoyaandikia zilikaa pamoja kwenye kisanduku. Mzee akachomoa kadi isiyo yenyewe.

Mhariri wake alicheka. "Mzee, nani atajua? Achana nalo."

"Mimi najua," akajibu.

Basi akakata vipande vya karatasi, akaandika sahihisho kwa mkono, akatia gundi mfukoni, akaanza kuzunguka shule moja baada ya nyingine. Miaka kumi na minne! Walinzi wa mageti walimdhani muuza vitabu. Mkewe hakuacha kumtania: "Mwenzenu sikuolewa na mtu, niliolewa na mto." Lakini viatu vya mzee vikiisha soli, ni mama huyo huyo aliyevipeleka kwa fundi.

Mwezi uliopita ilibaki shule moja, na miguu ikagoma. Akamtuma binti yake, muuguzi, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka zamu.

"Nilikasirika," binti ametuambia. "Nilikuwa hoi. Nikafungua kamusi ya kwanza, nikakuta kipande tayari. Juu yake kipande kingine. Mwandiko wa baba. Alishafika, tena mara mbili, akasahau. Nililia pale pale maktaba. Kisha nikabandika cha tatu, kwenye kila nakala, maana alinituma."

Binti aliporudi, baba akauliza: "Zote?"

"Zote, baba."

Akalala mchana kutwa.

Kwako mama, na kwako binti, poleni sana. Msiba huu ni wetu pia.

Nasi tujiulize, wasikilizaji wapendwa. Kosa lako ambalo hakuna mwingine aliyeliona, ungelifuata mpaka wapi? Huyu alilifuata mpaka akasahau kwamba ameshalimaliza.