Wamisri Wasiotoka Misri

Bajaji ya kwenda Msimbu ilitubeba watatu. Mzee Ngeleja alikuwa ameshamweleza binti wa pembeni yake kwamba alihamia huku na ng'ombe wake kutoka Magu, Mwanza. Binti, anayesoma historia chuoni, akamsimulia kuhusu Waroma, watu wa kuhamahama walioingia Ulaya zamani. "Walitoka India, babu. Lugha yao ndiyo ushahidi. Ila Wazungu waliwaita Wamisri, na baadhi yao wakakubali."

"Walichoka kusahihisha watu," mzee akasema.

"Au walikuwa wamesahau kwao."

"Mtu hasahau kwao, mjukuu wangu."

Binti hakuridhika. Mimi sikuulizwa.

Bajaji ikasimama karibu na zizi. "Mzee wa Shinyanga, tumefika kwako," dereva akasema.

Mzee akashuka polepole. "Ahsante, kijana wangu," akajibu.