Dhamana ya Lori Ilikuwa Imekwisha

Ndugu zangu wa Muheza, Bwana apewe sifa! Nasimama mbele yenu nikiwa hai, na shemeji yangu Yohana yule pale, mzima. Mtazameni vizuri.

Mume wangu alipofariki aliniachia watoto na lori la kubebea machungwa. Alilinunua jipya Tanga mjini, kwa jasho la kukata mkonge. Yohana, mdogo wake, ndiye aliyeliendesha. Ndilo lililotulisha.

Asubuhi moja Yohana alikuwa anateremka kutoka Amani, akina mama wa sokoni wamekaa juu ya magunia ya machungwa. Kwenye kona, usukani ukazunguka bure mikononi mwake! Chuma kinachouunganisha na magurudumu kimekatika. Kushoto ukingo wa mlima, kulia korongo. Ndugu zangu, lile lori likaenda kushoto, likakwama kwenye udongo. Nani aliligeuza? Akina mama wakashuka, hakuna aliyevunjika hata kidole!

Nikakibeba kile chuma kwenye kikapu mpaka Tanga, kwenye duka lililotuuzia lori. Meneja akakitupia jicho tu.

"Dhamana imekwisha, mama. Likiharibika sasa ni juu yako."

"Bwana, sikuja kuomba sadaka," nikamwambia. "Tazama palipokatika. Huku kunang'aa, huku kuna kutu ya zamani. Ufa huu ulikuwamo mlipotuuzia. Dhamana imekwisha, je, na haki nayo imekwisha?"

"Wanawake na magari!" Akacheka.

Nikasali kimoyomoyo: Baba, sina mtetezi hapa. Ndugu zangu, sijainua kikapu changu, akaingia mzee wa Kiislamu kutoka Pangani, kanzu imejaa vumbi, kashika kitu kilichofungwa kwa gunia. Sikuwahi kumwona maishani mwangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akakitazama chuma changu, akafungua gunia lake. "Lahaula! Hata cha lori langu kimekatika papo hapo!"

Tukavilaza mezani pamoja. Kama mapacha! Meneja uso ukampauka. Mara akakimbilia uani, ambako lori jipya la aina ile ile, lililouzwa asubuhi ile, lilikuwa linapakia watu wa harusi, waende Horohoro.

"Shukeni! Shukeni wote!"

Fundi akaingia chini ya gari. Alipotoka akatikisa kichwa. Ufa ule ule! Na bibi harusi alikuwa ameketi mbele, hina mbichi mikononi.

Mimi nimekwenda kudai chuma, kumbe Mungu anaokoa harusi nzima! Yule mzee akainua mikono, nami nikainua yangu, kila mtu akishukuru kwa lugha ya dini yake.

Malori yetu yote mawili yalitengenezwa bure, na meneja mwenyewe akaniomba radhi.

Ndugu zangu, ukiwa na haki, iseme, hata wakikucheka. Iseme kwa adabu, kisha mwachie Mungu mlango, maana hujui nani yuko njiani. Kama kuna aliyechoka kusimama peke yake, aje hapa mbele. Tutapiga magoti pamoja naye.