Swala wa Idi

BI REEM: Haloo? Haloo, Lusungu? Ni wewe?

LUSUNGU: Nani mwenzangu? Huku mtandao... haloo?

BI REEM: Bi Reem. Mjane wa Mzee Matar, wa Mtoni Kijichi.

LUSUNGU: Ah! Shikamoo, mama.

BI REEM: Marahaba. Swala wangu wameamkaje huko porini kwenu?

LUSUNGU: Salama tu. Na wewe, mama? Eda inakwendaje? Umekula leo?

BI REEM: Nimekuuliza swala.

LUSUNGU: Wa lori la pili wako zizini. Wazima kabisa.

BI REEM: Na wa lori la kwanza?

LUSUNGU: Wa kwanza... wametoka.

BI REEM: Wametoka kwenda wapi?

LUSUNGU: Niliwafungulia juzi.

BI REEM: Umefanya nini?

LUSUNGU: Mama, mtandao una—

BI REEM: Usinisingizie mtandao! Nakusikia mpaka unavyomeza mate. Si tulikubaliana wakae zizini kwanza? Wazoee harufu ya huko, wajue maji yalipo, ndiyo mlango ufunguliwe? Nilikwambiaje?

LUSUNGU: Ulisema nisifungue mpaka swala wa Idi.

BI REEM: Ehe.

LUSUNGU: Si ndiyo nikangoja! Idi juzi kaja na lori la pili, kashusha swala wake. Mie nikawatoa wa kwanza kwa mlango wa nyuma, wa Idi nikawaingiza.

BI REEM: Idi gani?

LUSUNGU: Idi dereva. Idi Mwishehe.

BI REEM: Swala *ya* Idi, Lusungu! Ya! Sikukuu! Watu wanavaa kanzu mpya, wanakwenda kuswali, wanarudi kula pilau! Dereva kaingiaje hapo?

LUSUNGU: Mie nilisikia "wa", mama. Haki ya Mungu. Na sie kwetu Tukuyu tunasema ibada—

BI REEM: Hata mwezi haujaandama! Ya Rabi. Na huyu wifi yangu Najma ananitolea macho hapa, mjane anagombana na mwanamume kwenye simu. Nitazame, Najma, nitazame vizuri! ...Lusungu, nani kafa?

LUSUNGU: Sijasema kuna aliyekufa.

BI REEM: Hujasema. Ndiyo nakuuliza.

LUSUNGU: Yule dume mdogo. Alitoka mbio akauvaa uzio. Shingo.

BI REEM: Inna lillahi... Hao wengine?

LUSUNGU: Wametawanyika. Jana nimewaona wawili ng'ambo ya korongo. Nawaswaga warudi, wao pua zote zimeelekea Dar.

BI REEM: Wanarudi nyumbani.

LUSUNGU: Kwani bado ni nyumbani, mama?

BI REEM: Unaniuliza mie? Kibali cha kuwafuga kilikuwa cha marehemu. Kafa yeye, na kibali kimekufa. Lori limewabeba mie niko ndani ya eda, nawasikiliza kwato dirishani. Ningekuwa mtu wa kutoka, ningekubembeleza wewe kwenye simu?

LUSUNGU: Nisamehe, mama.

BI REEM: Na Bi Mkubwa?

LUSUNGU: Yule jike mwenye mimba?

BI REEM: Huyo. Marehemu ndiye kampa jina, mie nikawa mke wa pili kwenye nyumba yangu mwenyewe. Wenzake wote wanamfuata yeye. Akipotea, ndiyo wameisha.

LUSUNGU: Tangu juzi sijamtia machoni. Bwawani nakwenda kila asubuhi, hakuna hata unyayo.

BI REEM: Atalijulia wapi bwawa? Kazaliwa hapa uani, maji yake ni ya kwenye karai. Na jua hili! Lusungu, wallahi sikuwatoa hapa ili—

LUSUNGU: Mama, ngoja.

BI REEM: Ningoje nini?

LUSUNGU: [kwa kunong'ona] Yupo.

BI REEM: Nani?

LUSUNGU: Bi Mkubwa. Kasimama nje ya zizi, anawachungulia wenzake. Mbavu zimemtoka. Nifungue aingie?

BI REEM: Usiguse mlango! Ukifungua, wa ndani nao watakupitia.

LUSUNGU: Nikimwacha nje, kuna mbwa wa wachoma mkaa, mama, hapa hapa jirani—

BI REEM: Una karai?

LUSUNGU: Ndoo.

BI REEM: Ndoo ataiogopa. Karai!

LUSUNGU: Lipo la zege.

BI REEM: Lisuuze, tia maji, liweke chini. Uligonge, useme Bismillahi, kisha urudi nyuma.

LUSUNGU: Mie niseme?

BI REEM: Marehemu alikuwa akiwaita hivyo. Ndiyo anachokijua.

LUSUNGU: Mama, mie ni mzee wa kanisa.

BI REEM: Hakuna atakayekunyang'anya ubatizo. Sema!

LUSUNGU: [mbali, karai linalia] Bisi... bisimilai.

BI REEM: Kwa sauti nzito! Yeye sauti yake ilikuwa nzito.

LUSUNGU: Bismillahi!

BI REEM: Lusungu? ...Lusungu!

LUSUNGU: Shhh. Kasimamisha masikio. Anakuja... hapana, karudi nyuma.

BI REEM: Usimkodolee macho. Inama, tazama chini.

LUSUNGU: [mkwaruzo wa mtandao] Anakunywa.

BI REEM: [anavuta kamasi]

LUSUNGU: Mama, umenisikia? Anakunywa!

BI REEM: Nimesikia.

LUSUNGU: Unalia?

BI REEM: Mtandao.

LUSUNGU: Ah, kamaliza. Anaondoka, mama! Anarudi kichakani. Nimzunguke nimzuie?

BI REEM: Mwache. Ukimkimbiza leo, kesho haji. Karai libaki hapo hapo. Akishazoea, uwe unalisogeza kidogo kidogo kuelekea bwawani. Wenzake watamwona.

LUSUNGU: Na hawa wa zizini?

BI REEM: Hao mpaka nikupigie mwenyewe. Sitaki tena lugha.

LUSUNGU: Sawa, mama. Basi nikate, vocha yako itaisha.

BI REEM: Usikate. Bado unamwona?

LUSUNGU: Mkia tu.

BI REEM: Mtazame.

LUSUNGU: Lakini salio, mama—

BI REEM: Liishe. Mie siendi popote. Wewe mtaza—

[Simu imekatika.]