Jumapili ya Baba Yake Filomena

Ninayoandika hapa ni kweli tupu, naapa. Ndani ya basi la kwenda mjini Providence, Bi Filomena alikuwa anakwenda kutia saini mkataba wa kuiuzia kampuni kubwa ya mikahawa jina la mkahawa wa marehemu baba yake. "Mchuzi wataupika kiwandani, mama, uje kwenye mifuko," akaonya Rocco, abiria wa pembeni yake. "Na paa langu linalovuja utaliziba wewe?" akajibu Filomena.

Nikadakia kutoka kiti cha nyuma yao: "Mimi nilikula pale kila Jumapili! Nikidanganya, chakula cha mchana juu yangu."

Filomena akanigeukia. "Mzee muongo wewe! Jumapili baba alikuwa anafunga. Mchuzi wa siku hiyo tuliula sisi tu, nyumbani." Akamgeukia Rocco. "Kwani hao wa kampuni watafungua Jumapili?"

"Bila kukosa," akasema Rocco.

Basi likasimama. Chakula nililipa mimi. Mkataba ulikuwa bado mkobani mwa Filomena, haujatiwa saini.