Besi la Leona Lakwaruza Siku ya Dyngus

Benchi lililo mbele ya duka la mikate la Zdunek, Buffalo, halijawahi kukosa wataalamu. Jumatatu ile ya Pasaka, siku ya Dyngus, sherehe ya Wapolandi, mtaa mzima ulikuwa umevaa nyekundu na nyeupe, watu wakimwagiana maji na kuchapana vijiti vya mwerebi. Wataalamu watatu wa benchi walikuwa wamelizunguka besi la alumini la Leona Pruchnik, fidla kubwa inayopigwa ikiwa imesimama, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa. Besi lenyewe lilimpita Leona kwa kimo. Lilitoka kiwandani miaka ya thelathini, hapa hapa mjini, likiwa limepakwa rangi ya mbao, ila palipochubuka palimetameta kama sufuria. Tangu juzi, waya mnene ukiguswa, tumbo lilikwaruza. Kiongozi wa bendi yake alishatamka: gwaride saa sita, na besi likiendelea kukwaruza, mpwa wake atapanda gari la gwaride na gitaa la umeme. Leona alikuwa amelipiga miaka thelathini na moja, na kabla yake babake. Moyo ulimuuma waziwazi, wala hakuuficha.

— Mafundi wa fidla wote wamenikatalia, alisema. Eti wao ni watu wa mbao.

— Wamefanya la maana, alisema Nyundo, aliyenyoosha bodi za magari maisha yake yote. Hii kazi yangu. Tatizo ni hilo bonde la ubavuni, hapo palipobonyea. Nipe dakika kumi nilitoe.

— Uliguse uone! Hilo bonde ni la baba. Alianguka nalo kutoka kwenye gari la gwaride, akapiga akiwa chini chali mpaka wimbo ukaisha.

— Basi utakwaruza na baba yako. Samaki mkunje angali mbichi, dada.

— Samaki wa miaka tisini?

Admirali alikohoa. Alikuwa mpishi wa manowari miaka minne, cheo alijipa mwenyewe.

— Chumvi, alisema. Mabesi haya yalipendwa melini kwa sababu hayapasuki kwa unyevu. Hili limezunguka bahari zote. Chumvi imekula viungo.

— Nimegonga viungo vyote kwa kidole, hakuna kilichoachia. Kila mwezi nalipangusa kwa kitambaa laini na nta. Chumvi ipite wapi?

— Chumvi ina subira. Haba na haba hujaza kibaba.

— Nyie hamjui kitu, alidakia Profesa, ambaye shule aliiacha akiwa na miaka kumi na minne. Alumini ni mali ya ndege. Hiyo ilikusudiwa kuruka, wakaifanya besi. Sasa inanung'unika. Ipandisheni ghorofa ya kumi, itanyamaza.

— Acha kamba, mzee!

— Ya kumi na mbili, basi.

Leona alitazama saa ya kanisa. Saa tano na robo. Alitamani kulia na kumtandika mtu kijiti, vyote kwa pamoja.

— Mnabishana bure, alisema Nyundo. Debe tupu haliachi kuvuma.

Hapo ndipo Darnella, mpeleka barua, alipotua mfuko wake. Alikuwa na wiki mbili tu kwenye mtaa huu.

— Samahanini, wazee. Mna hakika ni tupu?

Nyundo alimtazama Admirali, Admirali akamtazama Profesa, Profesa akatazama kikombe chake.

— Kwani hamjawahi kuchungulia ndani?

Leona na wazee wakalipindua juu chini, wanne kwa pamoja, wakalitikisa. Kupitia tundu la kifuani kikadondoka kijiti cha mwerebi. Kingine. Kumi. Ishirini, vimekauka, na cha mwisho Leona alikivuta kwa vidole: kilikuwa kimejibana kati ya nguzo ya ndani na mgongo.

Hapakuwa na haja ya kuuliza nani. Kila Dyngus, anayefurahishwa na muziki wa polka humchomekea mpiga besi kijiti kwenye tundu.

— Mimi nilichomeka kimoja tu, alisema Admirali.

— Kila mwaka! alisema Leona.

Akalisimamisha, akavuta waya mnene. Sauti ikatoka nzito, safi kabisa. Vioo vya duka vikatetema na vikombe vikacheza juu ya benchi. Akauvuta tena, kwa raha tu. Akaanza polka ya babake, na wahudumu wa duka wakatoka na unga mikononi wakicheza barabarani. Bonde lilikuwa pale pale ubavuni.

— Si nilisema ni ndani? alipayuka Profesa.

— Ulisema ghorofa ya kumi na mbili!

Kiongozi wa bendi alisimamisha gari la gwaride mbele yao, akasikiliza, kisha akamwambia mpwa wake ashuke. Watu wakapiga vigelegele. Leona alipanda na besi lake, kichwa juu.

Darnella aliokota kijiti kibichi chini, akakimbilia gari.

— Na mimi naruhusiwa?

Leona alicheka mpaka machozi, akamgeuzia tundu.

— Chomeka, mwanangu. Sasa tunajua pa kutafuta.